Siku ya wanafunzi kwenye miamba ya bahari: bamvua au maji mafu?

Swali, kwa kifupi: Mwalimu mmoja anapanga kuwapeleka wanafunzi 40 wa umri wa miaka 13 hadi 15 kwenye ufuo wa miamba kwa siku nzima. Anataka watembee juu ya miamba, waogelee kando yake, waruke majini na kutazama viumbe vya kwenye vidimbwi. Amechagua tarehe iliyo siku mbili baada ya mwezi mpevu kwa kuwa maji hupwa sana. Atakuwa na walimu 6 na wakufunzi 4 wa kukodi. Mpango wake ni nusu waingie majini, nusu wakae juu ya miamba wakitazama na kupiga picha, kisha wabadilishane. Theluthi moja ya wanafunzi hawajui kuogelea. Anauliza kama mpango huo ni sawa, na kama utabiri ukisema wimbi la mita 1 aende au aahirishe.

Mwalimu, nianze na ile sehemu ya mpango ambayo pengine umeiona ndiyo salama kuliko zote: wale 20 watakaokaa juu ya miamba. Hao ndio wanaonitia wasiwasi. Mtoto aliye majini na mkufunzi amevaa jaketi na kofia ngumu, amekwisha kulowa, macho yake yako kwenye mawimbi na kuna mtu mzima mita mbili kutoka alipo. Aliyekaa juu ya mwamba amevaa nguo za kawaida, ameipa bahari mgongo ili picha itoke vizuri, na hakuna anayemhesabu. Mei 1985 huko Land's End, Uingereza, wanafunzi wanne waliokuwa kwenye safari ya shule walisombwa na wimbi kutoka kwenye miamba wakafa maji. Hawakuwa wameingia kuogelea.

Kwa hiyo futa kabisa kundi la watazamaji. Mwanafunzi awe kwenye mojawapo ya sehemu mbili: ama yuko na mkufunzi, amevaa vifaa vyote, ama yuko kwenye kituo cha nchi kavu ambapo wimbi halifiki hata likikosea njia. Hakuna sehemu ya tatu.

Kituo hicho kinachaguliwa kwa kuusoma mwamba wenyewe, maana mwamba hutunza kumbukumbu ya maji. Chini kabisa kuna mwani wa kahawia na kijani, hapo maji hufika kila siku. Juu yake kuna ukanda wa viumbe vidogo vyenye magamba meupe makali vilivyogandia jiwe. Juu zaidi, kwenye fuo nyingi, kuna ukanda mweusi unaofanana na doa la lami. Watu wengi hudhani ukanda huo mweusi ni jiwe kavu tu lililobadilika rangi, kumbe ni viumbe hai vinavyoishi kwa kurushiwa maji ya chumvi. Ukisimama hapo umesimama mahali bahari inapofika. Kituo kiwe juu ya ukanda huo, penye udongo mkavu au mimea ya nchi kavu iliyoota yenyewe, na kisiwe chini ya genge lenye mawe yaliyolegea. Ukikuta vipande vya mawe vyenye kingo mpya, visivyo na vumbi wala mimea, ujue vimeanguka karibuni, na vingine vinaweza kufuata.

Rangi hizo zinakusaidia pia kujua mahali pa kukanyaga. Magamba meupe yanashika kiatu vizuri, ingawa yanachana goti. Ute mwembamba wa kijani ni mbaya kuliko mwani mrefu kwa sababu hauonekani jiwe likiwa limelowa. Ukanda mweusi ukikauka unashika, ukipata tone la maji unateleza kama sabuni. Wafundishe wanafunzi kanuni ya viungo vitatu: wakipita penye mteremko, kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika mwamba, kimoja tu ndicho kinachosogea.

Sasa tarehe yako. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja siku moja hadi mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo, kwa hiyo umelenga kileleni. Kwa kutazama vidimbwi ni chaguo zuri sana, kwa kuogelea na kuruka ni chaguo baya. Tuseme kwenye ufuo wako tofauti kati ya kujaa na kupwa siku ya bamvua ni mita 3.6, na maji yanapwa kabisa saa 6:30 mchana. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na hesabu wanayotumia mabaharia ni ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3.6, hiyo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30.

Angalia inavyowanasa watu. Saa 7 mchana kundi linavuka mfereji kati ya miamba miwili, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Saa 7:30 yamepanda sentimita 30 tu, kila mtu anasema bado mapema. Kati ya saa 8:30 na 9:30 yanapanda sentimita 90, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Saa 9:30 ule mfereji una karibu mita 2 za maji, na mkondo unapita ndani yake. Aliyechelewa kwa nusu saa tu kumalizia chakula upande wa pili hana njia ya kurudi. Siku ya bamvua, sheria yangu ni kwamba watu wageuke kabla ya maji kupwa kabisa, si baada yake, na wote wawe wametoka kwenye miamba ya chini saa moja baada ya kupwa.

Maji mafu, yanayokuja karibu na robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi, ni habari nyingine. Ufuo uleule unaweza kuwa na tofauti ya mita 1.2 tu. Na kwa kuwa kwenye fuo nyingi maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, wiki moja inasogeza saa kwa karibu saa sita: ufuo ambao bamvua yake hupwa adhuhuri, maji mafu yake hujaa karibu adhuhuri. Fanya ile hesabu kwa mita 1.2 upate sentimita 10, 20, 30, 30, 20, 10. Maana yake ni kwamba kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa mbili baada yake, kina kinabadilika kwa sentimita 30 tu. Una saa nne ambazo mahali pa kuingilia, pa kutokea na pa kurukia panabaki vilevile, na mikondo ni dhaifu zaidi. Unachopoteza ni vidimbwi: vile vya chini, vyenye viumbe wengi, havitafunuka.

Ushauri wangu ni usiunganishe vyote viwili katika siku moja. Ukitaka vidimbwi, baki na tarehe yako na uondoe kuogelea na kuruka. Ukitaka maji, sogeza safari kwa wiki moja. Tumia jedwali la maji la bandari iliyo karibu zaidi, na uthibitishe kwa kwenda mwenyewe siku chache kabla, uone maji yako wapi saa ileile utakayokuwepo. Baadhi ya fuo duniani hujaa na kupwa mara moja tu kwa siku, na huko mahesabu haya ya saa sita hayafai.

Kuhusu wimbi la mita 1, tarakimu hiyo peke yake haitoshi kuamua. Kwanza, kimo kinachotajwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi ya juu ya mawimbi, si wimbi kubwa kuliko yote. Katika kila mawimbi elfu moja hivi, moja hukaribia mara mbili ya kimo hicho. Mawimbi yakija kila sekunde 8, ndani ya saa mbili na robo yatapita elfu moja. Kwa hiyo "mita 1" ni ahadi ya wimbi la karibu mita 2 wakati wanafunzi wako wakiwa pale.

Pili, tafuta muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 kwa sekunde 6 ni mawimbi ya upepo wa karibu, mafupi na yenye fujo, lakini unayaona. Mita 1 kwa sekunde 14 ni mawimbi yaliyotoka mbali, pengine kwenye dhoruba ambayo hata haipo kwenye habari zenu. Kwenye kina kirefu, urefu wa wimbi kutoka mgongo hadi mgongo ni karibu mita 56 kwa lile la sekunde 6, na zaidi ya mita 300 kwa lile la sekunde 14. Hilo refu lina maji mengi sana nyuma yake, na likigusa mwamba huinuka ghafla na kupanda juu kuliko unavyodhani. Tena huja kwa mafungu: mawimbi matano au saba makubwa, kisha utulivu wa dakika kadhaa. Utulivu huo ndio unaodanganya watu. Wanashuka, wanapanga mistari, fungu linafika.

Kwa wanafunzi wa umri huo kwenye ufuo ulio wazi, mimi siingizi kundi majini kimo kikizidi nusu mita, na muda ukifika sekunde 10 au zaidi nataka ghuba iliyokingwa hata kwa kimo hicho. Kwa mita 1 na sekunde 14 jibu ni hapana, hata kwa kutembea kwenye miamba ya chini. Kwa mita 1 na sekunde 6, huku upepo ukitoka nchi kavu na mahali pakiwa nyuma ya rasi inayokinga, mkufunzi anayepajua anaweza kusema ndiyo baada ya kutazama maji kwa dakika 20 kamili. Dakika 20, si tano, ili mafungu mawili au matatu yapite mbele ya macho yake. Achague alama kwenye mwamba, ufa au doa, na aangalie maji yanafika juu yake mara ngapi.

Andika masharti hayo kwenye barua ya wazazi pamoja na mpango wa pili wa siku. Wengi wanaoingia majini siku mbaya wanajua kuwa ni mbaya. Wanaingia kwa sababu basi limekwisha kulipwa na watoto wamekwisha kufika.

Sasa watu. Wakufunzi 4 wanatosha makundi mawili ya majini kwa wakati mmoja: mmoja mbele, mmoja nyuma, wanafunzi 8 katikati. Nisingezidisha 8 hata bahari ikiwa kama sahani, kwa sababu kundi likishaingia majini hurefuka, na wa mwisho akiwa nyuma ya jabali hasikiki wala haonekani. Una makundi 5 ya watu 8, kwa hiyo awamu tatu: makundi mawili, mawili, na moja. Awamu ya dakika 75, pamoja na kuvaa na kuvua, mara tatu ni dakika 225 kati ya zile 240 za maji yaliyotulia. Zinabaki 15, ambazo huliwa zote na mtoto mmoja aliyepoteza kiatu. Punguza awamu iwe dakika 60, ambamo 40 tu ndizo za majini. Kwa wanaoanza, dakika 40 zinatosha kabisa. Baada ya hapo mikono huchoka, na anayechoka huanza kushika mwamba vibaya.

Walimu 5 wabaki na wanafunzi walio kituoni. Wa sita asipewe kundi lolote. Kazi yake ni daftari, saa na simu: anaandika kila kundi limeingia saa ngapi na linatarajiwa saa ngapi, na amepewa saa kamili ya kuita msaada kama halijatokea. Andika saa hiyo, usimwachie aamue. Machi 1993, kwenye ghuba ya Lyme kusini mwa Uingereza, wanafunzi wanane, mwalimu wao na wakufunzi wawili walipatwa na matatizo wakiwa kwenye kayaki, na waokoaji walichelewa sana kuarifiwa. Wanafunzi wanne walikufa, na mwaka 1995 nchi hiyo ikapitisha sheria ya vituo vinavyoendesha shughuli za namna hii kwa vijana. Dakika 20 baada ya muda uliopangwa ni kikomo kizuri. Msaada ukija bure, hakuna aliyedhurika.

Huyo mwalimu wa sita apime mtandao wa simu pale pale kituoni na pale chini kwenye maji, si juu barabarani. Genge huziba mawimbi ya simu kabisa. Wakufunzi wawe na redio ya VHF isiyoingia maji, yenye kuweza kuita kwenye chaneli 16, ile ya dharura baharini, na kila jaketi liwe na filimbi. Simu iliyo kwenye mfuko wa plastiki ijaribiwe: kioo kilicholowa hakisikii kidole.

Vifaa viwe seti 16 pamoja na 3 za akiba za vipimo tofauti, na vibadilishwe kituoni, si kwenye ngazi ya mwamba. Kuna aina mbili za jaketi ambazo watu huzichanganya. Jaketi la kuelea la nyutoni 50 (kipimo cha nguvu yake ya kuelesha) humsaidia aliye na fahamu kuelea, na humruhusu kuogelea na kupanda mwamba. Halimgeuzi aliyezimia uso ukae juu. Jaketi okozi la nyutoni 100 au 150 limeundwa kumgeuza, lakini ni nene kifuani na linamfanya mtu ashindwe kujivuta kutoka majini. Kwa shughuli hii, ambapo mkufunzi yuko karibu muda wote, la nyutoni 50 ndilo linalofaa, mradi likae mwilini. Kulipima ni kazi ya sekunde tano: mshike mwanafunzi kwenye mabega ya jaketi na uvute juu. Likifika masikioni, kaza au badilisha. Fanya hivyo tena akishalowa, kwa sababu mikanda iliyolowa hulegea.

Kofia ngumu iwe ya michezo ya maji, yenye matundu ya kutoa maji. Ya pikipiki hujaa maji na kuvuta shingo, na ya baiskeli haijaundwa kwa kugongwa mara kwa mara wala kufunika pembeni. Viatu viwe vya kufungwa kwa kamba, vya zamani, vyenye soli ya mpira. Kandambili na viatu vya kuchomeka huenda na wimbi la kwanza, na anayevifuata huenda navyo. Suruali ndefu nyepesi au kaptula juu ya vazi la mpira huokoa magoti na makalio. Pete, mikufu na hereni zibaki kituoni, maana pete ikinasa kwenye ufa mtu akiteleza huweza kung'oa ngozi ya kidole.

Vazi la mpira linategemea joto la maji. Chini ya nyuzi 15 tumia unene wa milimita 5. Kati ya 16 na 21, milimita 3. Maji ya chini ya nyuzi 15 yana hatari yake ya dakika ya kwanza: mtu akitumbukia hushtuka na kuvuta pumzi bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji anavuta maji. Mshtuko huo hupungua ndani ya dakika moja hadi tatu, kwa hiyo waingie taratibu, walowe uso na shingo, wasubiri pumzi itulie kabla ya kwenda popote. Hata maji ya nyuzi 25 hayasamehe. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 ya hewa, na mtoto mwembamba wa miaka 13 hutetemeka ndani ya saa moja. Wa kuangaliwa ni aliyenyamaza ghafla, anayeshindwa kufunga kishikizo, na anayesema hana baridi huku midomo ikiwa na rangi nyingine. Huyo atoke sasa hivi, si mwisho wa awamu.

Wasiojua kuogelea wanaweza kushiriki, lakini si kwa kuchanganywa na kuombewa heri. Wapimwe kwenye maji tulivu ya kifuani wakiwa na jaketi: walale chali waelee dakika moja, watie uso majini na kutoa pumzi, kisha wasogee mita 20 kwa namna yoyote. Anayefanya yote matatu bila hofu ataweza njia ya chini, iliyo kwenye ghuba, isiyo na mruko unaozidi mita 1. Anayemng'ang'ania mkufunzi shingoni akiwa bado kwenye maji ya kifuani hayuko tayari leo, na kituoni kuwe na shughuli ya kweli inayomngoja, si kiti cha adhabu. Wape kofia za rangi moja ili mkufunzi awatambue kwa jicho, bila kuwatangaza.

Kuruka ndiko watoto wanakokusubiri, na ndiko kunakohitaji ukali. Anayeruka kutoka mita 1 hufika majini kwa kilomita 16 kwa saa, mita 3 kwa 28, mita 5 kwa 36. Kwa kundi la shule mwisho wangu ni mita 3, na kila mtu anaanza na 1. Kina kipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu dhoruba moja huhamisha mawe na mchanga. Chukua kamba yenye uzito mwishoni na fundo kila nusu mita, upime mahali pa kutua na mita 3 kuzunguka pande zote. Soma fundo wakati wimbi limeshuka, si limepanda. Nataka mita 3 kamili kwenye kipimo hicho cha chini. Kisha mkufunzi mwenye miwani ya maji azame atazame kwa macho, maana kamba hupita kando ya jiwe lenye ncha na usijue.

Ukingo wa kurukia uwe wima au umetokeza juu ya maji. Kama mwamba unateremka kuelekea majini na mtu analazimika kuruka mbali ili aukwepe, mahali hapo hapafai, hata kama wenyeji hurukia hapo kila siku. Mwanafunzi asikimbie. Anasimama ukingoni, mikono imekunjwa kifuani na kushika jaketi, anatazama mbele kwenye upeo, anapiga hatua moja. Akitazama chini, kiwiliwili huinama na anapiga maji kwa tumbo au uso. Miguu iwe pamoja, magoti yamelegea kidogo. Hakuna kichwa mbele, kwa yeyote. Anayefuata haruki mpaka aliyetangulia awe mita 5 kando na ameinua mkono.

Akisita mara mbili, mshushe kwa njia nyingine bila maneno mengi. Ajali ya kawaida hapa hutokana na aliyeshangiliwa na wenzake akabadili nia mguu mmoja ukiwa hewani. Huyo hashuki mbali na mwamba, hushuka kando yake. Kwa hiyo marufuku kuhesabu kwa pamoja "moja, mbili, tatu." Kila mtu ajihesabie mwenyewe.

Kutoka majini kunaumiza wengi kuliko kuingia. Mtoto huona mwamba, huogelea hadi chini yake maji yakiwa yameshuka, hushika jiwe lenye mwani, kisha wimbi linalofuata humwinua na kumkwaruza dhidi ya magamba. Njia ni kusubiri mita 2 kutoka kwenye mwamba, kuja na wimbi linapopanda, kushika jiwe la juu, kung'ang'ania maji yanaposhuka, na kupanda kabla ya lile la pili. Mkufunzi wa mbele awe ameshatoka na yuko juu ya mwamba huo, akitaja jina la anayefuata.

Na aliyeteleza akaanguka bila kupanga afundishwe jambo linaloenda kinyume na silika: asipigane kurudi mwambani. Ajisukume nje mita 10, alale chali, miguu ielekee kwenye mwamba, angoje. Kule nje mawimbi humwinua na kumshusha tu. Karibu na mwamba ndiko yanakopasuka. Maji meupe ya povu yana hewa nyingi, na jaketi huelea vibaya ndani yake, kwa hiyo mifereji inayotoa povu na mapango yote yawe nje ya njia, bila mjadala.

Kila kundi la majini libebe kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20, ya aina inayoelea, na walimu nao waizoee. Marusho matano kila mmoja, shabaha ikiwa mita 10 mbali, asubuhi kabla ya watoto kushuka. Utashangaa wangapi huirusha yote pamoja na ncha waliyopaswa kuishika. Anayevutwa ashike kamba kifuani, ipite juu ya bega, alale chali. Asiizungushe mkononi. Mwalimu haingii majini kumfuata mtoto: ananyosha mti, anarusha kamba, anaita mkufunzi.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui apewe pumzi 5 kwanza, ndipo ifuate mizunguko ya mikandamizo 30 ya kifua na pumzi 2, kwa sababu tatizo lake lilianza kwa kukosa hewa. Awepo mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza katika kila kundi la majini na mmoja kituoni. Aliyemeza maji kwa njia ya hewa akaendelea kukohoa apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata akisema yuko sawa, maana mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Mikwaruzo utapata kwa wingi. Isafishwe kwa maji safi mengi, chembe zote zitolewe, kwa kuwa vidonda vya magamba huoza haraka kuliko vinavyoonekana. Aliyechomwa na mwiba wa kiumbe cha baharini atumbukize mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Joto hilo linapimwa kwa mkono wa anayemsaidia, si kwa mguu ulioumia, kwani maumivu humfanya asihisi kuwa anaungua. Beba chupa mbili za maji ya moto zinazohifadhi joto kwa ajili hiyo tu, na uziandike kwa wino mkubwa ili mtu asizitumie kutengeneza chai.

Kuhesabu watu kufanyike mara nne: kabla ya kushuka, kila kundi linapotoka majini, kabla ya kuondoka kituoni, na ndani ya basi. Waite kwa majina kutoka kwenye daftari la yule mwalimu wa sita. Kuhesabu vichwa 40 ndani ya basi lenye kelele hutoa 40 hata wakiwa 39.